Yule wa Mtaa wa Chini

Nuzha, muuza kunafa, kitamu cha jibini na shira, katika mji wa Nabulus, Palestina, hakuacha kamwe tabia ya kutolitaja jina la mdogo wake. Tangu wagombane alimwita "yule", basi. Lakini duka la yule huko mtaa wa chini, Kunafa ya Rajai, ndilo watu walilolitafuta mtandaoni, na la Nuzha likabaki na nzi. Akanijia, kwa kuwa mimi hutengeneza matangazo.

Nikaandika: "Dada yake Rajai yuko hapa." Kampuni ya mtandao wa utafutaji ikalikataa tangazo. Jina hilo ni alama ya biashara iliyosajiliwa, haliruhusiwi kwenye tangazo.

"Hata mtandao umemsusa!" akacheka.

"Ila naweza kulilipia kama neno la utafutaji, mama. Anayemtafuta yeye atakuona wewe, na jina halitaonekana."

"Basi andika: Unamtafuta yule? Kunafa nilimfundisha mimi."

Wateja wakajaa. Rajai akanipigia simu, akifoka kwamba dada yake anaiba jina lake. Nilimfikishia Nuzha malalamiko hayo. Alikuwa anamwagia sinia shira, na maneno aliyonijibu sikujua kwamba ni ya mwisho kuniambia kabla ya kufa:

"Mwambie yule sijamtaja popote. Akitaka ugomvi aje mwenyewe, kunafa ingali moto."