Mkono wa Kushoto wa Lydiah

Lydiah Nasambu alikuwa golikipa wa mpira wa magongo wa barafuni, na kwa mtu anayeishi Baba Dogo, hilo ni jambo la kuelezwa. Majirani walimwuliza kila alipobeba begi lake Jumapili asubuhi, wao wakienda kanisani: barafu gani, Nairobi hii? Naye hakuchoka kuwajibu. Kando ya barabara ya Mombasa kuna jumba ambalo ghorofa yake moja ina sakafu iliyogandishwa kwa mitambo. Watu huvaa viatu vyenye makali ya chuma, wakateleza na kugombania kisahani cha mpira mgumu kwa fimbo zilizopinda. Kazi yake yeye ni kusimama golini na kukizuia kile kisahani kisipite.

"Na kikikupiga?" waliuliza.

"Ndiyo kazi yenyewe, kikupige."

Alikuwa ameingia mchezo huo kwa mlango wa nyuma. Zamani alikuwa akipiga deki katika jumba lile. Siku moja kipa wa timu hakufika, na kocha Bedan, mwanamume mpole mwenye kitambi, akamwuliza kama anaogopa kupigwa. Lydiah akasema amelelewa na kaka watano. Wakamvisha mavazi mazito ya kipa, wakamsukuma golini kama kabati, akaanguka mara nyingi kuliko alivyosimama. Lakini mkono wake wa kushoto, ule unaovaa glavu pana ya kudakia, ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayefukuza nzi. Hata alipohama kazi ya usafi na kuingia kiwanda cha mabeseni kule kule Baba Dogo, timu hakuiacha. Wenzake walikuwa madereva, walinzi, mafundi na wanafunzi wa mitaa ya Eastlands. Watoto walifanya mazoezi kwanza, kisha watu wazima.

Lydiah ndiye aliyempeleka Opicho barafuni. Opicho alikuwa kijana wa kwao, wa Kimilili, akiishi na mkewe Mitchelle katika ploti ile ile, ghorofa moja juu ya Lydiah. Lydiah alimtafutia kibarua kiwandani, halafu akamfundisha kusimama juu ya barafu akimshika mkono kama mtoto. Baada ya mwaka Opicho akawa mshambulizi mkali kuliko wote. Alimwita Dada Lydiah, na mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, Lydiah ndiye aliyemchemshia Mitchelle uji wa uzazi.

Kiwandani kulikuwa na mashine ya kusaga chakavu. Mabeseni yaliyoharibika yalitupwa mdomoni mwake, yakatoka chenga za kuyeyushwa upya. Mdomo ule ulikuwa na kifuniko cha chuma, lakini kila mashine ilipokwama, kukifungua kulikula muda, basi Phares, supavaisa wa zamu, akaamuru king'olewe. Wafanyakazi wakaambiwa wasukume plastiki kwa mti.

Alhamisi moja mti ukavunjika mkononi mwa Lydiah. Kipande cha beseni kikanasa mkono wa ovaroli yake, na kabla hajapata hata kushangaa, vyuma vilikuwa vimeushika mkono.

Opicho alikuwa kwenye mashine ya pili. Ndiye aliyeruka na kuzima umeme. Ndiye aliyevua shati lake na kuufunga ule mkono, akamkalisha chini, akauweka uso wake mbele ya uso wa Lydiah.

"Usiangalie huko, dada. Niangalie mimi. Niangalie mimi tu."

Lydiah akamwangalia yeye hadi gari lilipokuja.

Hospitalini madaktari walifanya walivyoweza. Alipozinduka, mkono wa kushoto ulikuwa umebaki na kidole gumba na kidole cha mwisho. Phares alikuja na ndizi na juisi, akasema kampuni itamsimamia, asiwe na wasiwasi, apone tu. Lydiah alimwamini. Kwa nini asimwamini? Mashine ilikuwa ya kampuni, kifuniko kiling'olewa na kampuni, na watu walikuwa wameona.

Alipopata nafuu akaitwa ofisini. Alimkuta Phares, na bwana mmoja wa bima aliyevaa tai, na Opicho ameketi pembeni akiutazama mlango. Bwana wa bima hakuwa mtu wa ukali. Alitoa simu, akamwonyesha video ambayo timu ilikuwa imeiweka mtandaoni. Mlikuwa na Lydiah golini, anaanguka, mchezaji anampita juu, kisha yeye anavua glavu na kuukung'uta mkono kwa maumivu.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Lakini hiyo ni ya zamani. Nilipigwa tu, mkono ukafa ganzi."

"Mkono upi?"

"Wa kushoto."

Akaandika. Kisha Phares akaanza kueleza kwa sauti ya huzuni, kama mtu anayetoa rambirambi. Kwamba Lydiah ni mfanyakazi mzuri, ila ana huo mchezo wake wa visu miguuni. Kwamba siku ile alikuja kazini mkono umefungwa bendeji, akauficha ndani ya ovaroli. Kwamba bendeji ndiyo iliyonaswa, na ni lazima yeye mwenyewe ndiye aliyefungua kifuniko.

Lydiah alidhani hajasikia vizuri. "Bendeji gani, Phares? Kifuniko si wewe ulikitoa?"

Bwana wa bima akamgeukia Opicho. "Wewe ulikuwa karibu. Alikuwa na bendeji?"

Opicho alilamba midomo. "Alikuwa nayo."

"Na kifuniko kilikuwapo asubuhi hiyo?"

"Kilikuwapo."

Lydiah alikuwa akilitazama shati la Opicho, jipya, bado lina mikunjo ya dukani, na akili yake ikashikilia hilo tu: kwamba lile la zamani lilienda na damu yake, na huyu ilibidi anunue lingine. Walipomwambia kwamba kwa wema wa kampuni atapewa kitu cha kumfariji, na kwamba akishatia sahihi mambo yamekwisha, alikaa siku kadhaa akikataa. Kisha mwenye ploti akabisha mlango mara ya pili akidai kodi, naye Lydiah akaenda, akatia sahihi. Kibarua chake kikaishia hapo.

Kuishi ploti moja na mtu wa namna hiyo ni adhabu ya kila siku. Ngazi ni moja, bomba la maji ni moja. Opicho alipomwona anapanda, alirudi nyuma akajifanya amesahau kitu. Jioni moja Mitchelle alishuka na sahani ya ugali na omena iliyofunikwa.

"Dada, huko kazini kulifanyika nini? Mwenzangu haniambii. Hata chakula hali."

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza."

"Basi muulize tena."

Sahani ile Lydiah aliirudisha kama ilivyokuja. Baadaye alisikia mlio wa vyombo juu ya dari, na sauti ya Mitchelle, kisha mtoto akilia.

Bedan ndiye aliyemrudisha barafuni. Alishona glavu upya, akaijaza sponji mahali pa vile vidole, akasema wajaribu. Lydiah akavaa. Harufu ya baridi ya ukumbi ule ilimfanya atake kulia, jambo ambalo hata mashine haikuwa imefaulu kumfanyia. Wachezaji wakapanga mstari kupiga mmoja mmoja. Opicho naye alikuwa kwenye mstari, maana hakuna mtu timuni aliyejua yaliyosemwa ofisini. Zamu yake ilipofika, alikisukuma kisahani polepole upande wa kulia, mahali ambapo Lydiah angekizuia hata akisinzia.

"Opicho," Lydiah akamwita. Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu siku ile. "Piga kushoto."

"Dada, tuendelee tu."

"Siku ya mechi nani atanionea huruma? Piga kushoto."

Akapiga. Glavu ilifika kwa wakati, mahali penyewe, lakini haikufumbika. Kisahani kikapita kana kwamba hapakuwa na mtu. Akamwambia apige tena. Kikapita tena. Lydiah akateleza hadi ukingoni, akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu kwa mkono mmoja na meno. Bedan alimwomba abaki awafundishe watoto. Akasema atafikiria, na hakurudi.

Alianza kuuza uji na mandazi karibu na lango la viwanda. Unga aliukanda kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishikilia beseni kwa kiwiko. Wateja wake walikuwa wale aliofanya kazi nao. Walikunywa haraka, wakisema pole, na wengine waliacha kupita upande ule, si kwa ubaya, ila kumwona asubuhi kabla ya kuingia kazini kulikuwa kuzito.

Mvua za masika zilipoanza, mashine ile ile, bado haina kifuniko, ikamshika Muthama, baba wa watoto wawili. Yeye ilimchukua kiganja chote. Muthama hakuwa na mchezo wowote. Wakamtafutia kisingizio cha pombe.

Jioni ile Opicho alisimama mlangoni kwa Lydiah, viatu mkononi kama mtu anayeingia msikitini. "Wanataka niseme Muthama alinuka pombe."

"Utasema?"

"Wakati wako Phares aliniambia nichague, kusema au kutoka. Mtoto alikuwa mgonjwa, Mitchelle amelazwa naye wodini. Safari hii nitasema nilichoona. Na yako nitasema."

"Yangu imekwisha. Nilitia sahihi."

"Najua."

"Iseme hivyo hivyo," Lydiah akamwambia. "Hata isiponisaidia. Nimechoka kuwa mtu aliyejikata mwenyewe."

Opicho alisema yote, mbele ya bwana yule yule wa bima. Muthama alilipwa. Phares akahamishiwa ghala lingine. Kifuniko kikachomelewa mahali pake. Lydiah naye aliitwa ofisini, wakamwambia kwamba jambo lililofungwa haliwezi kufunguliwa, na bwana wa bima alisimama kumpa mkono, akakosea, akanyoosha wa kwake wa kulia kuelekea ule wa kushoto.

Opicho naye hakuitwa tena kwa zamu. Alizunguka malango yote ya Baba Dogo hadi viwanda vya mbali, lakini habari zilikuwa zimemtangulia: huyu ni mtu wa kusema. Viatu vyake vya barafuni aliviuza. Mwisho wa mwezi yeye na Mitchelle wakaamua kurudi Kimilili, wakaone kama shamba la babake litawalisha.

Siku ya kuhama kulinyesha tangu alfajiri. Lydiah alisikia wakishusha vitu, akavumilia, kisha akafunika sufuria ya uji, akatoka. Opicho alikuwa ghorofani akipambana na godoro peke yake, Mitchelle yuko chini na mtoto, akipanga masufuria ndani ya pikapu. Lydiah akalishika godoro upande mmoja, mkono wa kulia juu, wa kushoto chini.

"Dada," Opicho akasema, "nilitaka kukwambia..."

"Shika vizuri. Ngazi zimeloa."

Wakashuka, yeye akitangulia kinyumenyume, hatua kwa hatua. Alipofika chini aliliegemeza godoro kwenye pikapu, akambeba mtoto Mitchelle apate kupanda mbele, akamrudishia. Opicho alipanda nyuma kati ya kitanda na magunia, akajifunika turubai. Gari likaondoka kuelekea barabara ya Outering.

Lydiah akapanda kuchukua sufuria yake. Watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wameshaanza kupita.