London Si Karibu Kuliko Bungoma

"Masaa sita na nusu? Basi la Bungoma linachukua masaa nane, na wewe unaniambia London ni sita na nusu! Mama Marvin, sikusoma, lakini usinifanye mjinga."

Hivyo ndivyo jirani yangu Nafuna alivyonifokea asubuhi moja ya mwaka 1997, amejishika kiuno mlangoni pake hapa mtaani Silanga, Nairobi. Mkononi nilikuwa na karatasi ya safari aliyoiacha binti yake Mercyline, anayeenda kusomea unesi. Kuondoka Nairobi, saa tano na nusu usiku. Kufika London, saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimehesabu kwa vidole, mara mbili, na saa kumi na mbili ilikuwa imeshapita.

"Amefika," nikamwambia. "Sasa fagia. Vumbi lako linaingia kwa mandazi yangu."

Kwao Nafuna, mtu akisafiri, nyumba aliyotoka haifagiwi mpaka afike. Ukifagia mapema, unamfagia yeye njiani. Na nyumba yenyewe, jameni! Nafuna huuza makaa, na magunia hulala ndani pamoja naye. Tangu jana mchana ufagio haujapita. Kuku wa watu aliingia mweupe akatoka mweusi.

Lusweti, fundi wa viatu, akadakia, "Mama Mercy, ndege haisimami Nakuru watu wanunue soda!"

Ploti nzima ikacheka. Nafuna akauchukua ufagio, akauweka juu ya gunia, akaukalia.

"Chekeni. Mlisema mtoto wa makaa hatamaliza shule. Akamaliza. Mlisema pasipoti haitatoka. Ikatoka. Leo ni nyinyi wa kuniambia mtoto wangu amefika? Nitaamini nikisikia kutoka kwake."

Simu ya Mercyline ilikuwa ipigwe Olympic, mtaa wa jirani, kwa mwalimu Musimbi, ambaye Nafuna humpelekea makaa kila Jumamosi. Mdomo wa Nafuna ulikuwa mkali, lakini macho hayakutoka kwenye njia ya Olympic.

Mimi nami sikujua kunyamaza. "Kama saa hii hajafika, nitakufagilia mwenyewe, mpaka uvungu wa kitanda!"

"Umesema mbele ya watu," akajibu.

Saa mbili ikafika, kimya. Saa tatu, kimya. Lusweti aliacha utani, akawa anagonga kiatu kimoja tu, kile kile. Mandazi yangu yaliungua na sikujali. Nafuna alikuwa amekunja kanga mkononi kama anayeikamua.

Saa tatu na nusu mwalimu Musimbi akatokea, anatembea haraka, kiatu kimeshika tope.

"Amepiga! Yuko salama. Walitua saa mbili."

"Saa mbili?" nikauliza. "Karatasi inasema kumi na mbili."

"Hiyo ni saa ya kule, Mama Marvin. Wao wako nyuma yetu masaa mawili. Angani wamekaa masaa nane na nusu."

Kumbe wakati ule ninamlazimisha afagie, mtoto alikuwa bado hewani.

Nafuna hakulia wala hakupiga vigelegele. Aliinuka, akauchomoa ufagio, akatugeukia sote.

"Nane na nusu. Imeipita Bungoma kwa nusu saa."

Kisha akanipa ufagio. "Anza na uvungu."

Nikainama.