Tulivyosukuma Otomatiki Hadi Muyinga

Nimekaa na aibu hii tangu kiangazi kilichopita, na nimechoka kuibeba peke yangu, kwa hiyo leo naiweka chini mbele yenu. Chekeni, lakini chekeni polepole, kwa sababu nikikumbuka siku ile mabega yananiuma, na mimi wala sikusukuma. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nimeshika usukani, na hapo ndipo aibu yenyewe ilipo.

Gari tulikuwa nalo wiki tatu tu. Ni gari la familia, refu kifuani, lina viti saba, linakunywa mazutu, yaani dizeli, na ni otomatiki. Lilitoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, likapanda barabara mpaka kwetu Gitega, na hadi leo kioo kilicho juu ya redio hutusalimia kwa Kijapani kila tukiliwasha, nasi hukijibu "waalaykumu salaam" kwa kuwa hatujui kimesema nini. Nililipenda, siwafichi. Ukiachia breki linaanza kutembea lenyewe taratibu, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Kwenye milima ya Makebuko, ambako gari letu la zamani lilikuwa likikohoa mpaka watoto wanalionea huruma, hili linanguruma chini chini na kupanda bila kuuliza. Mguu wangu wa kushoto tu ndio uliobaki yatima: miaka kumi umefanya kazi ya klachi, ghafla hauna kazi, na kila nikikaribia kona unanyanyuka wenyewe kutafuta kitu pale chini, unakuta breki, na watoto wote watatu wanakuja mbele kwa pua.

Aliyetuuzia, mzee mmoja wa Kihindi anayeagiza magari Bujumbura, mtu mpole sana, alitaka kunieleza mkono wa gia herufi kwa herufi, nami (nilikuwa nimevaa miwani ya jua, nadhani ile miwani ndiyo iliyojibu) nikamwambia asijisumbue, najua. Nilichoshika ni kwamba nikifika nyumbani naweka P na nikitaka kwenda naweka D. Wakati nafunga mlango akaongeza kwamba gari la namna hii haliwashwi kwa kusukumwa. Nikacheka. Nani atasukuma gari jipya?

Sasa, mdogo wangu Yusufu alikuwa anaoa Muyinga. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo mkubwa wa msafara alikuwa Baba Mkubwa Saidi, kaka yake baba, ambaye aliendesha malori ya Dar na Bujumbura miaka thelathini na anaongea na kila gari kama vile alilinyonyesha yeye. Nikaha ilikuwa imeahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kukosa mafuta Gitega nzima, mara ya pili kwa msiba wa upande wetu, na mara ya tatu baba wa bibi harusi, Mzee Hamadi, muuza vitambaa, mtu asiyepandisha sauti, alitupigia simu nasi tukaiweka kwenye spika ili wote tusikie.

"Mufike mbele ya adhuhuri," alisema. "Mara hii mukikosa, mi nitajua mumekataa kwa heshima, na binti yangu nitamwambia hivyo."

Yusufu aliinuka akatoka chumbani. Alikuwa amempenda yule msichana miaka minne.

Kwa hiyo siku ile tulitoka Gitega baada ya alfajiri. Mashangazi walitangulia na basi dogo la kukodi, wao na masanduku na vigoma vyao. Mimi nikambeba bwana harusi, rafiki zake wawili, na Baba Mkubwa mbele karibu yangu. Njia yote Baba Mkubwa alinitazama mkono wa kushoto, akisubiri nibadilishe gia, na kila nisipobadilisha alivuta pumzi kwa huzuni. Alisema gari bila klachi ni kama mtu bila magoti. Lakini tulienda vizuri, jua likapanda, ukungu ukaondoka mabondeni, na tulipopita Gasorwe bado kulikuwa na saa nzima na ushee kabla ya adhuhuri, tumebakiza kuteremka mlima mmoja mrefu na kupanda kimlima kifupi tu tuingie mjini.

Hapo ndipo niliposema, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, "Tusimame dakika mbili Yusufu avae kanzu."

Kanzu ilikuwa imepigwa pasi, imening'inia dirishani kama mgeni wa sita, na sikutaka ifike na mikunjo. Tukasimama pale pale kwenye mteremko. Baba Mkubwa akanionya kwamba mlimani gari haliachwi wazi, nitie gia, nivute breki ya mkono, na yeye ataweka jiwe mbele ya tairi. Nami, katika elimu yangu, P niliihesabu kuwa ya nyumbani, ya kulaza gari kwenye tambarare, na D ndiyo niliyoihesabu gia. Nikazima gari na D yangu. Ufunguo ukakataa kutoka, nikauacha humo humo, nikajiambia labda ni joto.

Yusufu akavaa. Alipendeza, jamani, mpaka mwanamke aliyekuwa akipalilia mihogo pembeni alisimama na jembe lake kumtazama. Tukarudi ndani, nikazungusha ufunguo, na gari halikusema kitu. Si kwamba lilikohoa au lilijaribu, hapana. Taa ziliwaka, Kijapani kikatusalimia, kisha kimya.

Nikazungusha tena. Kimya. Baba Mkubwa akateremka, akafungua boneti, akakaa humo ndani na kichwa chake muda mrefu, akatoka na uso wa daktari anayetafuta maneno.

"Starta imekataa," akasema. "Lakini iko mazutu, mteremko tuko nao. Tunaisukuma, inakamata."

Kwetu mlima unaweza kuuona mtupu kabisa, lakini gari likiharibika watu wanatoka kwenye migomba kana kwamba walikuwa wamepangwa kazi. Walikuja wenye majembe, wakaja waliokuwa wakirudi sokoni, na mmoja wa baiskeli aliyebeba ndizi mikungu sita, huyo akasimama tu kututazama, akauliza gari ni ya mwaka gani, na alipojibiwa kwamba ni mpya akasema, "Yangu haina mazutu, haina otomatiki, na iko inaenda," kisha akaenda.

Wakajipanga nyuma. Baba Mkubwa akatoa jiwe, akasimama kando yangu kama mwalimu, akaniambia nitie ya pili. Na kwa balaa langu, kwenye ule mkono kulikuwa na namba 2 kweli, nikaitia. Nyuma wakahesabu kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu, gari likaanza kuteremka, likachanganya, na Baba Mkubwa akikimbia pembeni na kofia mkononi akapiga kelele niachie klachi. Ule mguu wangu yatima, ambao haukuwa umetumwa kitu wiki tatu, ukasikia jina lake. Ukaruka, ukakanyaga breki kwa nguvu zote. Nyuma nikasikia vishindo kama magunia yakidondoka, mmoja baada ya mwingine. Kuna mtu aliyepasuka mdomo kwenye kioo cha nyuma. Akaupangusa, akasema si kitu, turudie.

Ilikuwa katika kurudia ndipo nilipokumbuka. Tulikuwa tunateremka vizuri, watu ishirini na kitu wanapiga kelele za furaha, upepo unaingia dirishani, na sauti ya yule mzee wa Bujumbura ikanijia wazi: haliwashwi kwa kusukumwa. Ningefungua mdomo pale. Lakini kioo cha kutazamia nyuma kilinionyesha Yusufu na kanzu yake, mikono yake kwenye bati, anasukuma huku anacheka, na yule wa mdomo uliopasuka kando yake, na nilihesabu aibu ya kuwaambia jasho lote hili ni la bure, nikaiona ni kubwa mno. Nikanyamaza. Nikaendelea kushika usukani kama mtu anayetarajia kitu.

Chini ya mlima gari likaishia lenyewe, na breki wakati huo ilikuwa ngumu kama ubao. Simu ikaanza. Shangazi alisema wamefika, wamepiga vigoma mpaka mlangoni, na wenyeji wanauliza bwana harusi yuko wapi. Baba Mkubwa akajibu tuko tunaingia, dakika kumi. Yusufu akaja dirishani kwangu, kanzu imeanza kuwa na rangi ya matofali, akaomba wapande pikipiki yeye na Baba Mkubwa, mimi nibaki na gari.

Baba Mkubwa akamwekea mkono begani. "Subiri kidogo, mwanangu. Iko inataka kukamata. Mi nimeisikia."

Hakuna alichosikia. Hakukuwa na kitu cha kusikia, na mtu pekee aliyejua hivyo nilikuwa mimi, na hata hapo, mdogo wangu akinitazama moja kwa moja machoni, nilisema, "Tujaribu mara moja tu." Pikipiki ikapita. Haikuja nyingine.

Wakaanza kusukuma kupanda kile kimlima. Kupanda, si kushuka. Watu wa Gasorwe wakachoka wakabaki wachache, wakaja wengine wa upande wa mjini, adhana ya adhuhuri ikaanza bondeni na ikaisha sisi tukiwa hatujasogea hata nguzo mbili za umeme. Shangazi alipiga tena, Baba Mkubwa akasema dakika kumi. Alipopiga mara ya tatu vigoma vilikuwa vimenyamaza huko kwa bibi harusi, na simu ikakatwa. Baba Mkubwa akavua koti, akalikunja vizuri, akanipa nimshikie kupitia dirishani, akaenda nyuma na kuweka mabega yake ya miaka sabini na moja kwenye gari langu. Nililiweka lile koti mapajani. Lilikuwa bado na joto lake. Hata hapo sikusema.

Mzee Hamadi alikuja mwenyewe, na pikapu yake, peke yake. Nadhani alitaka kuona kwa macho yake kama tupo njiani au tunadanganya tu. Alisimamisha mbele yetu, akateremka na kanzu nyeupe isiyo na doa, na wote wakaacha kusukuma wakaweka mawe kwenye matairi. Alitoa salamu ya jumla, hakumpa mtu mkono. Akaja dirishani kwangu akaniomba nimpishe, nikahamia kiti cha pembeni na koti langu la kushika.

Akakaa. Akazungusha ufunguo, kimya. Akatazama chini, pale kwenye mkono wa gia, akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakanyaga breki, akasema bismillahi kama anavyosema mtu yeyote akianza jambo, akausukuma ule mkono mpaka juu kabisa kwenye P, akazungusha. Gari likawaka mara moja. Likanguruma kwa utulivu wake ule ule wa kila siku.

"Mwanangu," aliniambia bila kugeuka, "hii gari iko nzima. Haiwaki kama haiko kwenye P."

Nyumbani nililikuta kwenye P kila asubuhi kwa kuwa nililiacha hapo kila jioni, na sikuwahi kujua kwamba ndiyo sababu lilikuwa likiwaka. Nilitaka kumwambia hivyo. Kilichotoka ni, "Mzee, nimeona haya."

Alikuwa anatazama kioo cha juu. Nami nikageuka. Yusufu alikuwa ameinama, mikono magotini, kanzu yote udongo mwekundu mpaka kifuani. Watu walikuwa wamelala ukingoni mwa barabara.

"Yule anakohoa ni nani?"

"Ni Baba Mkubwa wangu. Ndiye atakayesimama badala ya baba."

"Alisukuma?"

"Tangu chini, mzee."

Aliwatazama tena kiooni. Halafu akasema, kama anajiambia mwenyewe, "Mtu wa kukataa kwa heshima hasukumi namna hii." Akashusha kioo. Watu walikuwa wamesogea kutaka kujua ugonjwa ulikuwa nini, na Baba Mkubwa ndiye aliyeuliza, pumzi zikimkatika. Mzee Hamadi akanitazama mara moja tu, akamjibu kwamba ilikuwa inataka bismillahi.

"Allahu akbar," akasema Baba Mkubwa, na machozi yakamtoka.

Nikaha ilifungwa baada ya alasiri. Yusufu aliivaa kanzu ya mkwewe, fupi kwenye mikono, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi nilikula wali wa watu nikiwa nimeinamisha kichwa, wakadhani ni uchovu, na kweli ulikuwepo, lakini haukuwa wa mwili.

Tangu siku ile Gitega nzima imesikia habari za mkwe mcha Mungu wa Muyinga aliyewasha gari lililokufa kwa neno moja. Baba Mkubwa ameisimulia msikitini, dukani, kwenye misiba. Akipita kwetu huweka kiganja chake juu ya boneti, anasoma kidogo, ananiruhusu niwashe, nami nasubiri amalize ndipo nizungushe ufunguo. Nimeapa kwamba siku nyingine mtu akianza kutoka jasho kwa ajili yangu juu ya kitu ninachojua hakitawaka, nitafungua mlango niseme, hata kama wanaonitazama ni mlima mzima. Ninyi nimewaambia. Yusufu nitamwambia wiki hii au ijayo. Lakini Baba Mkubwa msimwambie, tafadhali. Yeye ndiye aliyesukuma kuliko wote.