Ruta Dirishani, Mahindi Ukutani

Ruta ya intaneti tuliiweka dirishani sebuleni, kwa kuwa hapo ndipo mnara wa simu unapoonekana. Ukiipeleka kwingine ndani ya nyumba, taa yake inageuka nyekundu. Chumba cha mama kiko nyuma ya sebule, ng'ambo ya ukuta wa tofali za kuchoma. Tangu nyonga ilipomshinda, mama hatoki humo bila kubebwa, na mbebaji ni mimi.

Mdogo wangu anaishi Dar es Salaam. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu ya video, na msimu mzima wa mvua mambo yalikwenda vizuri. Baada ya mavuno, baridi yetu ya Ufipa ilipoanza kupenya blanketi, picha nayo ikaanza kukwama. Uso wa mdogo wangu ulisimama mdomo wazi, kisha ukapotea. Simu ya kawaida ilipatikana, lakini mama hakuridhika nayo.

"Sauti haitoshi," alisema. "Nataka nimwone uso."

Kila asubuhi, kabla sijamgeuza wala kumpa uji wa ulezi, aliniuliza kama mtandao umerudi. Iliniuma, sitaficha. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini kwetu fimbo ya mbali ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa. Mimi niliyekuwa karibu niliulizwa habari za ruta.

Basi nikahangaika nayo. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaipandisha juu ya kabati, nikaitundika kwenye nondo za dirisha. Nikaivua hata kitambaa chake cha kufuma, maana nyumbani kwetu kitu cha thamani lazima kivishwe. Nikanunua kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao, nikakichomeka karibu na mlango wa mama, wapi. Mdogo wangu akaniandikia kwa utani kwamba wenzake kazini wanashangaa watu wa Sumbawanga kuhangaika na waifai, wakati tuna njia zetu za kichawi za kufika popote. Siku nyingine ningecheka. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa.

Siku moja nilikaa sakafuni sebuleni, nimeegemea magunia ya mahindi, simu mkononi. Vijiti vya mtandao vilikuwa vimejaa. Nikainuka kumwangalia mama, na nilipoingia tu chumbani kwake, nyuma ya magunia, kikabaki kimoja. Nikarudi, vikajaa. Nikaingia tena, kikabaki kimoja.

Mavuno yote ya mwaka tulikuwa tumeyapanga hapo, kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, kwenye ukuta wa chumba cha mama. Mama mwenyewe ndiye aliyeamuru. Mahindi hayalali nje, alisema, na yakae ukutani kwake ili panya akigusa gunia asikie. Muda wote huo nilikuwa nikiulaumu mnara, kumbe chakula chetu wenyewe kilikuwa kimekaa njiani.

Jirani yetu mfugaji, aliyehamia huku kutoka Shinyanga, alikuja na mkewe tukayahamisha. Pa kuyaweka palikuwa chumbani kwangu tu. Yakajaa hadi mlangoni, nami nikahamishia mkeka wangu kando ya kitanda cha mama. Mama alinitazama nikiutandika.

Jumapili iliyofuata picha ilikuja safi, hata hereni za mdogo wangu zilionekana. Mama akaniomba simu, akaishika mwenyewe kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitazame." Kisha akaingia kwenye Kifipa, lugha anayoitumia kwa mambo mazito. "Dada yako amechoka. Nasikia anavyohema akininyanyua. Halali, na sasa hata chumba hana. Lini utakuja kumpokea?"

Nilisimama na bakuli la uji mkononi, nikashindwa kuliweka chini. Kumbe kila asubuhi alipoulizia mtandao, alikuwa akiniulizia mimi.

"Nitakuja, mama," mdogo wangu akajibu. "Kazi zikipungua kidogo tu."

"Kwenye sauti huwa unasema hivyo hivyo. Ndiyo maana nilitaka uso. Sema tena, nikikuona."

Mdogo wangu akainamisha macho. Hakujibu, wala hakusogea. Nilidhani picha imekwama tena, nikainama kuangalia vijiti. Vilikuwa vimejaa.