Mgongo Ulioambiwa Umeisha

Juzi katika kliniki moja Naivasha, nikingoja zamu yangu, nilimwona mama anayechuma maua mashambani ameshika kiuno kwa mikono miwili. Asiporudi kazini Jumatatu, nafasi yake itapewa mwingine.

"Daktari wa kwanza alisema mgongo umeisha," alimwambia dada mtaalamu wa mazoezi ya viungo. "Tangu siku hiyo siinami."

"Mathe, mgongo si sabuni uishe. Unauma kweli, lakini pia unauogopa. Inama kidogo, nimekushika."

Aliinama polepole, akagusa magoti, akaanza kulia.

"Unauma?"

"Unauma. Lakini haujavunjika. Jumatatu nitaenda."

Nimefundisha watoto miaka mingi. Wapo niliowaambia hesabu hawaiwezi, kwa haraka tu, nikigeukia ubao. Waliniamini.