Mchanga wa Mama Sidi

Sisi watoto wa Laini Saba, Kibera, wa siku zile hatukuhitaji saa ukutani. Treni ya asubuhi ikipiga honi, unajua umechelewa shule. Ya jioni ikipita, unajua mama anakutafuta na mwiko mkononi. Tulicheza kati kando ya reli, wa katikati akikwepa mpira wa makaratasi, tukaruka kamba ya blada mpaka jua likachoka na sisi. Watoto wangu wa leo ukiwaambia watoke nje wacheze, wanauliza kama huko nje kuna wifi! Ningecheka zaidi, lakini kuna jambo moja la utoto wangu ambalo limeninyima raha mwezi mzima, na wacha nilitoe.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba vinane vya mabati na mfereji mmoja. Kwenye mlango uliotazamana na wetu aliishi Mama Sidi, Mgiriama peke yake katikati ya Waluhya na Wajaluo. Kazi yake ilikuwa kukaanga njugu, na alizikaanga kwa mchanga. Si mafuta, mchanga! Aliuweka kwenye karai juu ya jiko, ukishika moto anamwaga njugu, anakoroga mpaka ngozi zinaanza kupasuka, kisha anachekecha. Zilitoka na chumvi yake tayari. Alizifunga kwa karatasi za madaftari yetu ya zamani, na mimi na Sidi, binti yake, tulizilamba hizo karatasi mpaka wino ukatupaka midomo.

Mchanga wenyewe aliletewa na kaka yake, taniboi wa lori, gunia moja kila Desemba kutoka kwao Kilifi. Alitusimulia mahali unakotoka. Ni nyuma ya mikoko, kwenye uwanja mpana ambao bahari hupanda na kuufunika siku chache tu za mwezi, wakati wa bamvua. Maji yakirudi, jua linakausha na ardhi inabaki nyeupe kwa chumvi.

"Hapo hapaoti hata mchicha," alisema. "Ni vijani vinene tu, ukitafuna, chumvi tupu."

Tulidhani anatupiga fiksi. Kwetu sisi watu wa magharibi, mchanga ni wa mto, na wa mto hauna ladha yoyote. Hata ile chumvi ya njugu tulijua ameinyunyiza mwenyewe tukiwa shule.

Mama yangu naye alikuwa na magunia matatu ya sukuma wiki mbele ya mlango. Kibera shamba huna, kwa hivyo unalisimamisha ndani ya gunia: udongo, mawe katikati ya kupitisha maji, miche unaipanda juu na ubavuni. Hiyo sukuma ndiyo iliyotulisha, na iliyobaki mama aliuza. Mwaka huo mvua ilizidi. Udongo mweusi ukashika maji, majani yakaanza kuwa ya manjano, na mama hakutulia. Kila asubuhi anayazunguka magunia, anaguna.

"Huu udongo utaniua. Haupitishi maji kabisa!"

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu alitufundisha aina za udongo. Mfinyanzi hushika maji, kichanga huyapitisha. Nilikuwa na miaka kumi na nikajiona daktari. Mama Sidi alipotoka kuuza njugu, nilichukua mkebe, nikachota mchanga wake karibu robo gunia, nikauchanganya ndani kabisa ya magunia ya mama. Kisha nikangoja kusifiwa.

Baada ya siku chache ncha za majani zilikauka, ungedhani zimepitishiwa moto. Wiki ya pili sukuma yote ilikuwa imelala. Mama alichukua chembe za udongo akaziweka kwenye ulimi. Akatema.

"Mama Sidi! Toka nje! Umenimwagia chumvi kwa sukuma yangu. Nimekukosea nini mimi?"

Ploti nzima ilitoka. Mama Sidi alisimama mlangoni na chekeche lake mkononi.

"Mama Nekesa, mie nikutilie chumvi ya nini?"

"Ya wivu!"

Mimi nilikuwa pale pale, nimejificha nyuma ya leso ya mama. Ndipo nilipoelewa ule uwanja mweupe wa Kilifi ulikuwa wa kweli. Lakini tulikuwa tumelelewa: wakubwa wakiongea, mtoto ananyamaza. Nikanyamaza. Majirani wakasema watu wa pwani wana mambo yao, wakaacha kununua njugu. Mwezi ulipoisha, Mama Sidi alihamia Kawangware na Sidi wake, na mama hakumtaja tena.

Nilipoolewa nikahamia Kawangware mimi pia. Sidi anashona nguo karibu na soko. Nikimwona, navuka barabara. Miaka yote hiyo, aibu gani hii!

Mwezi uliopita binti yangu wa miaka tisa alivunja dirisha la jirani. Akaenda mwenyewe, akagonga mlango: "Sasa. Ni mimi nimevunja dirisha lenu. Sori." Akarudi kumalizia chapati yake. Nilitaka kumkaripia kwa kumwambia mtu mzima "sasa", nikakumbuka sukuma ya mama. Tangu siku hiyo sikai, silali vizuri, nafua nguo ambazo ni safi.

Jumamosi nilikwenda Laini Saba nikamweleza mama kila kitu. Alikuwa anachambua mboga. Akaacha.

"Nekesa. Ulikuwa unangoja nini? Nife?"

Akafunga kitambaa kichwani, akaniambia nimpeleke kwa Sidi.

Sidi alitusikiliza mguu ukiwa bado kwenye cherehani. Hakutukaripia. Alimpigia mama yake, ambaye siku hizi amerudi Kilifi, akaweka simu kwa spika. Mama yangu akaomba msamaha.

"Mama Nekesa, mie nilijua siku ile ile," Mama Sidi akasema. "Mwanao alikuwa na mchanga kwenye kucha. Ningesema, ungemuua kwa fimbo. Nikangoja aje aseme mwenyewe. Nilingoja mpaka mwezi ukaisha, nikahama."

Mama akanisukumia simu.

"Ni mimi, mama," nilisema. "Ni mimi niliuchota." Nikalia mbele ya wateja wa Sidi, mtu mzima mwenye watoto.

Wenzangu wa rika langu tunapenda kusema watoto wa leo hawana adabu, wanajibu, wana mdomo. Sisi adabu tulikuwa nayo, hilo halina ubishi, tulijua kunyamaza. Nikisikia wangu wanavyopayuka sebuleni siku hizi nawaacha tu. Natamani zile siku zirudi hata dakika moja, nisimame uani nikiwa na miaka kumi, ploti nzima imetoka nje, nifungue mdomo.