Jino langu limebaki kwenye kopo la serikali

Jamani, leo nimeng'olewa jino kule Ilongero, nimerudi nyumbani na jino la mbuzi!

Mganga wa meno wa serikali alinivuta gego. Mimi kimya, waliolia ni waliokuwa kwenye foleni.

Akalitupa koponi, kwenye meno ya wenzangu.

"Nipe jino langu," nikamwambia. Nani anamwachia mgeni jino lake?

"Haiwezekani, mzee. Nalipwa kwa kila jino, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hanilipi mpaka ayaone."

Ahaa! Nikatumbukiza mkono, nikachomoa moja, huyoo!

Kufika nyumbani, kulitazama: la mbuzi. Nimechunga tangu utoto, nisilijue?

Kumbe kodi yetu inatibu mpaka mbuzi!

Na langu bado liko kwake. Nyie mliong'olewa, mmeyaona yenu? Semeni, kesho narudi na fimbo.